Delta ya Kumi na Sita

Shule zilipofunguliwa tena Kigali, mwishoni mwa mwaka tisini na nne, karibu hakuna aliyekuwa na ripoti. Sisi tulitoka Tanzania, wengine Uganda, wengine Burundi, na kila mtu alidai yuko darasa alilotaka. Mwalimu wa hesabu akaamua kutupima mwenyewe kwa swali moja. Ukilipata, unaingia mwaka wa tatu. Ukilikosa, unashuka wa pili.

Wa pili ndiko alikokuwa mdogo wangu wa kiume. Nilishamtangazia nyumbani Remera kwamba mimi ni wa tatu, nikamtania wiki nzima mpaka mama akanikataza. Nikishuka, afadhali nirudi Ngara, Tanzania, kwa miguu.

Swali lenyewe: 3x² − 10x + 3 = 0. Kanuni niliijua. Kule tuliikariri kwa sauti hadi usingizini: hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili cha b mara b kutoa nne a c, yote gawanya kwa mbili a.

Tatizo mimi situlii. Mguu unacheza, kalamu inacheza. Dirisha letu halikuwa na kioo, na kila ndege iliposhuka uwanja wa Kanombe niliinuka nusu kuiangalia. Nilipokaa tena, jirani yangu, msichana aliyekulia Bujumbura, alikuwa ameshaandika delta. Waliosoma kwa Kifaransa hutafuta kwanza kile kilicho ndani ya kipeuo, wanakiita delta. Yake ilikuwa 16, amepiga mistari miwili chini kwa rula. Mimi nilikuwa na 64, tena imechafuka wino. Mistari ile ikanitisha. Nikafuta yangu, nikaweka 16, nikamalizia kwa kanuni yangu. Jibu moja likatoka 1, la pili sehemu mbaya mbaya.

Mwalimu akafika mezani kwangu. Naye alikulia Bujumbura.

"Weka moja mahali pa x," akasema.

Nikaweka: tatu, toa kumi, jumlisha tatu.

"Inatoka ngapi?"

"Hasi nne, mwalimu."

"Ilipaswa itoke ngapi?"

"Sifuri. Lakini hasi nne si mbali sana, ni jirani tu."

Darasa likacheka. Yeye hapana.

"Hii delta iko ya nani?"

Jirani yangu aliganda na rula yake mkononi. Nilikuwa na utani wa kutosha kunitoa pale, lakini wote ulimwacha yeye motoni.

"Nimechungulia kwake," nikasema. "Yeye hakuniona."

Wakacheka tena, wakidhani bado natania.

Mwalimu akainua karatasi ya jirani. "Ya kwake iko sawa. Namba ya b inagawanyika kwa mbili, basi amechukua nusu yake, delta ikakuwa ndogo. Mwishoni anagawa kwa a tu, si mbili a. Weye umechukua kichwa ya kwake, umeweka mukia ya kwako." Akanisukumia kalamu. "Fanya ya kwako."

Nikafanya. Sitini na nne, kipeuo chake nane. Kumi na nane kwa sita, tatu. Mbili kwa sita, theluthi moja. Hata ndege haikupata nafasi ya kupita.

"Ulikuwa nayo," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ukaifuta."

"Ndiyo, mwalimu."

Akafungua daftari lake, akaandika 2 mbele ya jina langu. "Mpaka Pasaka. Kisha tutaona."

Nikakusanya kalamu zangu polepole, labda angebadili mawazo. Jirani akaninong'oneza, "Weye, si ungeniuliza tu?"

"Ningekuuliza, ungeniona mjinga."

"Nimekuona hata hivyo."

Darasa la pili lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mdogo wangu aliniona mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akasogeza mfuko wake, nikapata nafasi ya nusu tako kwenye benchi.

"Dada," akasema chini chini, "umetumwa kuleta chaki?"

"Nyamaza."

Ubaoni walikuwa wanatafuta eneo la pembetatu. Nililipata kabla mwalimu wao hajamaliza kuichora, nikalipata tena kwa njia nyingine, kisha nikaanza kuhesabu misumari ya dari. Mguu ulikuwa umeanza kutikisa benchi zima, na kengele ilikuwa mbali.