Asiyekuja Mkutanoni Ndiye Mwenyekiti

Kama kuna kitu kilichomkera Verna Sawchyn kuliko baridi ya Februari, ni vinanda. Muziki hakuwa na ugomvi nao. Ugomvi wake ni na vinanda vyenyewe, vile vya zamani vya kukanyaga kwa miguu, ambavyo kila familia ya mji mdogo wa Holmfeld ilikuwa navyo sebuleni, na sasa kila familia inataka kuvitupa bila kuonekana imevitupa. Bibi akifa, wajukuu hugawana vijiko na mablanketi, halafu hutazamana, halafu mmoja husema, "Tumpelekee Verna." Kesho yake asubuhi Verna anakuta kinanda kimesimama mlangoni pa makumbusho anayoyatunza, kimefunikwa turubai, na aliyekileta kashatokomea.

Makumbusho yenyewe ni stesheni ya zamani ya reli, na treni siku hizi hupita hapo bila hata kupunguza mwendo. Chumba cha kungojea kimejaa vinanda. Chumba cha mizigo kimejaa cherehani na mashine za kutenganishia krimu na maziwa. Mtu mnene akiingia lazima aamue mapema anataka kutokea wapi. Nje, kando ya barabara kuu, halmashauri ya mji ilisimamisha panzi wa chuma, mkubwa kuliko lori, ili familia zinazosafiri zivutiwe, zisimame, ziingie ndani zijifunze jinsi babu zetu walivyoilima nyika hii.

Kusimama zinasimama. Watoto wanapanda miguu ya panzi, baba anapiga picha, mama anakuja mbio mpaka kwa Verna.

"Samahani, choo kiko wapi?"

"Ndani, mama, ukishapita cherehani. Ukitoka uwaite na watoto, nina darasa zima la zamani huku juu, na kengele yake wanaweza kuipiga."

"Ningependa kweli, lakini tunawahi dinosaria. Tumewaahidi."

Kila mtu alikuwa anawahi dinosaria. Mifupa ya wanyama hao wa kale iko kwenye makumbusho mengine, mbali sana upande wa magharibi, mkoa mwingine kabisa, na Verna hajawahi kuiona, lakini aliichukia kama mtu anavyomchukia jirani mwenye majivuno.

Kazi hii hakuiomba, alivyozoea kusema. Holmfeld mtu hajipendekezi. Kipande cha mwisho cha keki unakikataa mara mbili, na mara ya tatu unakipokea huku unalalamika kwamba wanakunenepesha. Mtu akisimama mbele za watu akasema "mimi nataka kuongoza," watamsema mpaka siku ya mazishi yake, na huko watamalizia. Ndiyo maana mkutano wa mwaka wa makumbusho una desturi yake: asiyekuja ndiye anayechaguliwa. Hayupo kukataa, na hakuna atakayesema alijipendekeza.

Verna alichaguliwa mwaka ule mumewe alipozikwa kiangazi, na binti yao, Tamara, akaondoka vuli kwenda chuo. Februari ilipofika akashikwa na mafua, hakwenda mkutanoni. Kesho yake Doreen, katibu, alibisha hodi na sahani ya sandwichi za mayai mkono mmoja na funguo mkono mwingine.

"Pole na hongera," Doreen alisema, akaondoka haraka kabla hazijarudishwa.

Tangu hapo Verna hakuacha kuyalaani mafua yale. Na tangu hapo hakuna mkutano Holmfeld unaojaa kama ule. Watu wanaokosa ibada ya Krismasi huo hawaukosi. Gus Lindqvist alikuja mwaka mmoja na mguu ulio kwenye plasta, na mtu mwingine akaja na mtungi wa hewa ya kupumulia. Mkutano ukishafunguliwa hakuna anayetoka, hata kwenda msalani, kwa sababu aliyetoka ni sawa na asiyekuja.

Mwaka huu Verna alikuwa amechoka kweli. Tamara alikuwa amejifungua, na anakaa kisiwani, kule pwani ya magharibi, ambako theluji watu huiona kwenye televisheni.

"Mama, chumba chako nimeshakipaka rangi," Tamara alimwambia kwenye simu. "Mwaka huu ama unakuja ama unaniambia huji. Ila usinitajie tena hayo makumbusho."

"Nakuja. Nikipata tu wa kumwachia."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Basi Verna akatangaza mjini kote: asipopatikana wa kupokea funguo, stesheni inafungwa, vitu vyote vinapigwa mnada, na abaki panzi peke yake. Halmashauri ikakubali. Watu wakasikitika sana, wakamwambia itakuwa hasara kubwa, wakamuuliza kama kabla ya kufunga kuna nafasi ya kinanda kimoja.

Mkaidi kuliko wote alikuwa Lorne Halvorsen, mkulima wa ngano, mpole, mrefu, mwenye kuzungumza kama anayelipia maneno. Mkewe, Inga, alifariki wakati wa mavuno, na tangu hapo Lorne amemwomba Verna mara tatu achukue kinanda cha marehemu. Mara tatu Verna amekataa. Hapakuwa na pa kuweka hata sindano, na ni lazima siku moja mtu ajifunze kusema hapana. Ila ilimuuma kwamba amejifunzia kwa Lorne. Na Lorne naye hakununa, jambo lililomuudhi zaidi. Kila wiki alikuja bila kuitwa, akaziba ufa wa bomba la jiko, akarekebisha mlango uliokuwa ukikwama, akagonga nyundo mpaka kichwa cha Verna kikamuuma.

"Lorne, panafungwa hapa! Unatengeneza mlango wa nini?"

"Unakwama," alijibu Lorne, akaendelea kugonga.

Jumapili ya mkutano ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Baada ya kanisa wote wakajaa chumba cha kungojea, wamekalia viti vya vinanda, makoti magotini, sahani za keki na achari ya matango juu ya jiko la maonyesho ambalo Verna ameliwekea kibao kisemacho lisiguswe. Doreen akasoma taarifa. Wakashukuru. Kisha akavua miwani.

"Nafasi ya mwenyekiti iko wazi. Verna anatuacha. Nani?"

Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Gus?"

"Mgongo huu, Doreen. Unaujua mwenyewe."

"Muriel?"

"Mimi mtu wa kuku, mpenzi. Kuku wangu nani atawaangalia?"

"Basi mimi nitasema," Verna alisimama, uso umemwiva. "Nyie watu mna nini? Mmenijazia humu bibi zenu wote waliokufa! Hamji kuwaona, hamtaki kuwatunza, na hamtaki niwauze. Mkiulizwa nani, kila mmoja ana mgongo! Haya, tupige kura ya kufunga, tule keki, twende zetu!"

Hakuna aliyekasirika, na hilo lilimkera zaidi ya matusi. Muriel alianza kulia taratibu, bila kuacha kutafuna.

Hapo Lorne Halvorsen akainuka. Akavaa kofia, akafunga koti vifungo vyote, wala hakuwa na haraka.

"Naenda kuchomeka waya wa kupashia gari joto," alisema. "Injini itaganda."

Mlango ukafunguka bila kukwama, ukafungwa nyuma yake.

Gus alitazama mlango kama mtu aliyeona ndama akiingia mwenyewe zizini. Doreen akavaa miwani yake tena, akasema kwa sauti ya chini, haraka haraka, "Wanaomuunga mkono Lorne?" Mikono yote ikapaa, na wa kwanza ulikuwa wa Verna.

Makofi yalipokwisha, furaha ikaanza kumchachia Verna. Lorne, mgane wa miezi mitano, ametoka kidogo tu kwa ajili ya injini yake, na wao wamemvamia kama fisi. Akachukua koti lake, akatoka amwambie yeye mwenyewe, kwa maneno ya adabu.

Lorne hakuwa kwenye gari. Alikuwa amesimama ubavuni mwa stesheni, upepo usikofika, mikono kwapani, nyusi zimeota barafu. Gari lake lilikuwa pale pale alipoliacha, na waya wa kupashia injini joto umeviringwa mbele, haukuguswa. Nyuma, kwenye sehemu ya mizigo ya gari, chini ya turubai, palisimama kitu ambacho Verna hakuhitaji kufunuliwa.

"Wamemaliza?" Lorne aliuliza.

"Wamekuchagua wewe."

"Aa," alisema Lorne. "Balaa gani hii tena." Na uso wake ulikuwa ule wa mtu anayesukumiwa keki kwa mara ya tatu.

Verna akatazama waya. Akatazama turubai. Akamtazama yeye.

"Lorne Halvorsen! Kumbe ulikuwa unaitaka kazi hii? Tangu vuli silali, naota mnada, na wewe unanigongea nyundo kichwani, unaitaka! Si ungeinua mkono tu?"

"Unamjua nani aliyewahi kuinua mkono?"

"Mimi angalau niliugua!"

Lorne akapuliza vidole vyake.

"Mwaka ule mimi na Inga tulipita kwako tukuchukue," alisema. "Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Umekaa mezani, umevaa gauni la kanisani, viatu mguuni, koti liko kwenye kiti cha pili. Unatazama saa. Hukukohoa hata mara moja. Nikataka kubisha, Inga akanishika mkono. Akasema, mwache, nyumba yake imekuwa kimya mno. Tukaja huku, tukainua mikono."

Maneno yote aliyokuwa nayo Verna yalikuwa ya kuyalaani mafua yale, na hakukuwa na mafua. Alisimama kwenye theluji, machozi yakimgandia kwenye kope, amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika, na hakumpata wa kumkasirikia.

"Shika upande huo," alisema mwishowe, akivuta turubai.

Wakakishusha kinanda, wawili, wakihema, wakakisukuma mpaka mlangoni. Ndani watu walikuwa wamehamia kwenye keki.

"Tukiweke wapi?" Lorne aliuliza.

"Usiniulize mimi. Mwenye funguo ni wewe."

Verna akaingiza mkono mfukoni azitoe. Alizishika, akazitoa, akazinyoosha mbele yake. Lorne akakinga kiganja, akangoja, na vidole vya Verna vikakataa kufunguka mpaka alipovifungua kwa mkono wa pili.