Mraba Usiofagiwa

Shangazi yangu hakuwahi kuinamia kitu ili akinuse. Chai, mchuzi, maziwa yaliyolala, hata kichwa cha mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa: alikiweka mbali kidogo na uso, akakunja kiganja, akajipungia harufu polepole kuelekea puani, kama mtu anayemwita paka. Ni desturi ya maabara. Mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza kwamba chupa usiyoijua haisogezwi puani, maana kuna mvuke unaounguza. Wengine huisahau desturi hiyo wakishatoka mlangoni. Yeye alitoka nayo, akaolewa nayo, akaachika nayo. Mama yangu ilimkera sana.

"Wifi, mchuzi wangu si tindikali," alimwambia mezani.

"Bado hatujajua," shangazi akajibu, akaendelea kupunga.

Alifundisha baiolojia katika shule ileile tangu ujana wake. Nilipomaliza chuo nilipangiwa hapohapo kufundisha lugha, kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili, nyumbani na kazini. Maabara yake ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji, masinki ambayo daima moja lilikuwa limeziba, kabati la hadubini lenye kufuli, na harufu ya spiriti isiyoisha hata madirisha yakiwa wazi. Kila chupa ilikuwa na lebo, hata ya maji. Hasa ya maji. "Watu wameshakufa kwa vitu vinavyofanana na maji," alisema. Nywele zifungwe, viatu vya wazi vibaki nje, hakuna kula, na neli ya kioo inayopashwa moto mdomo wake usielekezwe kwa mtu, hata kama mmegombana.

Lakini kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: katika jaribio, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache kama vilivyo. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kimefanya kazi. Aliishi hivyo pia. Alipoachika, ndugu walimjia na ushauri: ahame mji, aache kazi, aolewe upesi na mwingine. Akawasikiliza wote, akawamiminia chai, kisha akasema, "Nikibadilisha vyote hivyo kwa mpigo, nitajuaje kilichokuwa kinaniuma?" Wakaondoka wakinong'ona kwamba kisomo kimemharibu. Yeye aliosha vikombe, na Jumatatu akaenda kazini kama kawaida.

Nyuma ya maabara palikuwa na mjohoro mkubwa. Chini yake shangazi alipima miraba miwili midogo, kila mmoja wa kutosha mkeka, akaizungushia mawe. Kivuli kimoja, udongo mmoja, mvua moja. Tofauti ilikuwa ufagio tu. Mraba wa kushoto ulifagiwa kila asubuhi. Wa kulia haukuguswa na mtu. Majani yaliangukia majani, ya chini yakaoza yakawa meusi, magugu yakapita katikati yake, na kila kilichojileta kikaachwa kikae. Wanafunzi walimwita Mama Mraba, wakidhani hajui.

Mtunza bustani, mzee mwenye maneno, aliona mraba ule wa kulia ni aibu yake binafsi.

"Mwalimu, nipe ruhusa nifyeke. Nyoka watazaa humo mpaka wajukuu wao waje kuandikishwa shule."

"Waje. Nafasi za mbele zipo."

"Basi na mimi huo mwingine sifagii."

"Utafagia, mzee wangu. Wewe ndiye nusu ya jaribio."

Akawa anafagia, huku akinung'unika.

Kila mwaka, darasa likifika kwenye somo la ikolojia, aliwatoa nje. Walichomeka kipimajoto ardhini, huku na kule. Walimwaga kopo la maji kila upande: kushoto yalitiririka kama juu ya sakafu, kulia yalizama papo hapo kama yaliyokuwa yakisubiriwa. Waliyafunua majani kwa vijiti wakahesabu jongoo, tandu, mbawakawa, nyungunyungu, nyuzi nyeupe za kuvu. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo nilikuwa nikiyasikia dirishani kwangu nikifundisha ngeli. Mmea hujipikia chakula kwa jua. Kuna anayekula mmea, na kuna anayemla huyo. Wote wakifa, wadudu na kuvu huwavunjavunja, udongo ukashiba, na mmea ukala tena. "Kule kushoto," alimalizia, "tumewafukuza wapishi, halafu tukaita usafi."

Mkuu wa shule alikuwa akiitamani sehemu ile kwa maegesho ya magari ya walimu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magari na hakuwa na kivuli. Alimwahidi shangazi kwamba hatagusa kitu maadamu miraba inafundishia. Shangazi alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na nia yake ilikuwa kumkabidhi mwalimu atakayemfuata udongo ule ukiwa hai. Hakuwa na mtoto wa kumwachia kitu, wala kitu kingine cha kuacha.

Mwanzoni mwa mwaka huo presha ilimwangusha. Alilazwa, kisha akapumzishwa nyumbani. Darasa lake lilikuwa jipya, lilikuwa limesoma naye kanuni za maabara tu, lakini lilikuwa limeshampenda. Liliposikia anarudi, likaamua kumpokea kwa heshima. Kiranja wao, binti wa fundi cherehani, mrefu na mwenye sauti ya kuamrisha, aliwapanga: hawa mafagio, hawa majembe, hawa chokaa.

Nilipofika asubuhi ile mtunza bustani alikuwa amesimama getini badala ya kazini, kofia mkononi.

"Mwalimu, mchukue shangazi yako ofisini kwanza. Mpe chai. Mpe chai nyingi."

"Kuna nini?"

"Nimewakuta wamemaliza. Ningewahi, ningelala juu yake."

Shangazi alikuwa ameshapita. Wanafunzi walimshika mikono wakamzungusha nyuma ya maabara, nami nikawafuata. Mraba wa kulia ulikuwa mweupe kama uwanja wa mahakama. Wameng'oa magugu hadi mizizi, wamezoa majani yote wakayachoma, wamefagia kwa mistari mizuri, mawe wameyapaka chokaa.

"Tuliona mmoja unafagiwa kila siku na huu umesahaulika," kiranja alisema, uso ukimng'aa. "Tukasema Mwalimu wetu hana wa kumsaidia."

Kwetu sisi, ukimpenda mtu unamfagilia. Wangewezaje kujua kwamba pale kupenda kulikuwa kuacha?

Shangazi aliutazama mraba kutoka jiwe hadi jiwe. Kisha akasema, "Asanteni, wanangu. Mmechoka." Wakapiga makofi.

Ofisini alishika kikombe bila kunywa. "Nimewadanganya," aliniambia. "Nimewafundisha waandike walichokiona, si walichotamani kukiona, halafu mimi nimewadanganya."

"Ni watoto, shangazi. Walikuwa wanakupenda."

"Ndiyo maana. Anayenipenda nimwache mjinga?"

Kesho yake aliwatoa nje na kipimajoto na makopo ya maji. Hakueleza kitu. Walipima kushoto, wakapima kulia. Wakamwaga maji, yakakimbia pande zote mbili.

"Mmeona nini?"

"Ni sawa, Mwalimu. Hakuna tofauti."

"Juzi ilikuwepo."

Nilimwona kiranja akiyatazama mawe yake ya chokaa, kisha jivu lililokuwa kando ya ukuta, kisha uso wa mwalimu.

"Tumeviua vilivyoishi humu," alisema.

"Mmeviua. Kwa moyo mzuri, lakini mmeviua. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yaandikwe."

Binti yule alilia mbele ya wenzake bila kujificha. Shangazi hakumbembeleza, wala hakuondoka. Alisimama kando yake mpaka alipomaliza, akampa leso.

Asubuhi iliyofuata walikuja na magunia ya majani kutoka makwao. Akawazuia getini. "Majani ya kwenu yatakuja na wadudu wa kwenu na mbegu za kwenu. Tutakuwa tumebadilisha vitu mia. Litakaloanguka kutoka kwenye mti huu ndilo letu."

Mkuu wa shule naye akaja, mikono nyuma. "Mwalimu, pole. Lakini tuseme ukweli, sasa nina viwanja viwili vitupu. Sababu ya kuviacha iko wapi?"

Kiranja ndiye aliyejibu, macho bado yamevimba. "Mkuu, miraba bado ni miwili. Mmoja unafagiwa, mmoja tumeacha kuufagia jana. Tunataka kuona nani atarudi kwanza."

Shangazi alimtazama binti yule kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi, na sikumwonea wivu, au nilimwonea kidogo.

"Mpaka mwisho wa mwaka," mkuu alisema. "Pakiwa bado kama sakafu, naleta kifusi."

Wakaanza kusubiri, na kusubiri ni kazi ngumu kwa watoto. Sisimizi walitangulia. Magugu yakafuata, kisha mvua, kisha unga mweupe wa kuvu kwenye maganda ya mjohoro yaliyoanguka. Mtunza bustani, ambaye hapo zamani alitaka kufyeka, sasa aliwafukuza kuku wa majirani kwa matusi ya heshima. "Tokeni, wasomi wanasoma!"

Shangazi hakuumaliza mwaka. Presha ilirudi na safari hii ikaukamata upande mmoja wa mwili. Nilimhamishia kwangu, chumba cha nyuma chenye dirisha. Alizungumza kwa taabu, na kila jioni aliuliza jambo moja: kuna mpya? Nilikuwa nikijibu kwamba maji bado yanakimbia, maana nisingethubutu kumdanganya hata kwa wema.

Siku ya mwisho ya muhula lori la kifusi lilikuwa limesimama nje ya geti, dereva akila karanga. Mkuu alikuja chini ya mti, akakabidhiwa kopo. Alimwaga kushoto: maji yakakimbia hadi kwenye viatu vyake. Akajaza tena, akamwaga kulia. Maji yalisambaa, yakasimama, na kwa kitambo nilidhani yatakimbia vilevile. Kisha yakaanza kupungua, taratibu, kingo zikiingia ndani.

"Yamechelewa," mkuu alisema.

"Lakini yamezama," kiranja akajibu. Akapiga magoti, akainua majani machache yaliyoanza kuwa meusi kwa ncha ya kijiti. Chini yake alikuwapo nyungunyungu, mwembamba, wa rangi ya waridi, akijikunja kwa kuchukia mwanga.

Mkuu aliinama akamtazama kwa muda. "Yaani huyu ndiye anizuie?" Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na asiyejuta sana, akaenda getini kumwambia dereva amwage kifusi upande wa barabarani, juani. Walimu wenye magari wananilaumu mpaka leo.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Shangazi alikuwa amelala macho wazi, shuka limekunjwa kiunoni. Nikaketi kitandani, nikampa habari zote kwa mpangilio aliokuwa akiupenda: tulichofanya, tulichokiona, na mwisho tunachodhani. Nilipofika kwa nyungunyungu, upande mmoja wa mdomo wake ulitabasamu. Nikamweleza pia kwamba pale hapatamwagwa kifusi, na hilo alilipokea kwa kufumba macho tu. Nikadhani amesinzia. Asubuhi hakuweza tena kusema na mtu, na baada ya hapo tukamzika. Lakini jioni ile alifumbua macho, akaushika mkono wangu kwa ule wake uliokuwa mzima, akauliza:

"Na mlimfunika tena?"