Redio ya Koko

Sikiliza, ndugu yangu, nikueleze kwa nini harufu ya plastiki inayoungua hunikasirisha. Leo jirani anachoma takataka, na mimi kwa mawazo niko tena kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Kisangani, mtoto wa miaka minane, nimekumbatia redio ya koko, mama wa baba yangu.

Mhubiri mgeni alikuwa ametuagiza watoto tulete kila kitu cha kidunia kilichomo nyumbani, kitiwe moto. Redio ile ilipiga muziki wa dansi, basi niliichukua bila kumwuliza mtu. Plastiki ilijikunja, ikadondosha matone meusi, nasi tukaomba kwa kelele huku tukipiga makofi.

Nyumbani nilimkuta koko akipapasa meza. Macho yake yalikuwa hayaoni tena.

"Mutoto, redio yangu iko wapi?"

"Tuliichoma, koko. Ilikuwa na demoni."

"Demoni? Ile inanisomeaka Injili kila asubui." Akaacha kupapasa meza. "Bon, basi. Ambia muhubiri yako akuye kesho asubui, anisomee yeye."

Hakuja. Alikuwa ameshapanda boti kwenda Isangi, kuchoma vya wengine.

Bado ninamkasirikia, na ninajikasirikia mwenyewe. Tuliomba sana siku ile, lakini hakuna hata mmoja aliyeiwasha redio kwanza akasikia inasema nini.

Kwa hiyo, kabla hujakikemea kitu kwa maombi, kaa na mwenye nacho, umwulize kinamsaidia nini. Ukishamsikiliza mpaka mwisho, ndipo ufumbe macho uombe.