Nyumbani Kwangu, Ghorofa ya Kwanza

Wageni wa siku hizi hawaji mjini kwetu kulala, wanakuja kuhakikisha. Nina vyumba vinne vya kupangisha hapa Roccamora, juu ya iliyokuwa karakana ya baba yangu, na kabla mgeni hajatua begi lake tayari anajua kwamba chumba cha pili kinasikia kengele ya kanisa, kwamba godoro la chumba cha tatu limebonyea upande wa ukutani, na kwamba mimi, Loredana, ni mkarimu lakini sicheki. Ameyasoma yote kwenye simu, maoni themanini na mawili, ya watu ambao nusu yao siwakumbuki hata sura. Anapanda ngazi, anakaa kitandani, anajirusharusha kidogo, anasema, "Ni kweli, limebonyea." Na hapo anafurahi kabisa.

Kwenye kula ndipo penye balaa. Zamani mgeni aliniuliza pa kula, nami nikamwelekeza kwa binamu yangu Duilio, mwenye mgahawa pale uwanjani. Duilio naye akiulizwa pa kulala aliwaleta kwangu. Mji huu umeendeshwa hivyo tangu enzi mapapa walipotutawala na hakuna aliyekufa kwa kula kwa Duilio. Lakini mwaka juzi vitabu vya safari vilibadilisha swali. Sasa vinawafundisha hivi: usimwamini mwenye nyumba ya wageni, ana binamu. Mtafute mzee wa pale pale asiye na cha kuuza, umuulize, "Wewe mwenyewe unakula wapi?"

Mzee asiye na cha kuuza hapa kwetu ni mmoja tu, Quinto Passeri, jirani yangu.

Alizaliwa mtoto wa tano. Wazazi wake walikuwa wamechoka kutafuta majina, wakamwita Quinto, yaani wa Tano, wakarudi shambani. Alipeleka barua za posta miaka thelathini na sita kwa miguu, maana vichochoro vyetu havipitishi hata baiskeli. Anajua mlango wa kila mtu, wa walio hai na wa waliokufa, na anajua ni mlango upi unafunguka kwa kusukumwa na upi kwa kuvutwa. Mwulize habari za afya yake, atakujibu neno moja. Mwulize anwani, atainuka asimame wima.

Tangu astaafu hukaa kwenye benchi la mawe karibu na lango la chini, kuanzia saa tatu asubuhi. Kengele ya saa saba ikilia, anainuka kwenda kula. Quinto hana gari, hana shamba la mizeituni, na watoto wake wako Torino. Alichonacho ni kiti kimoja jikoni, kile kilicho kando ya jiko, kinachotazama dirisha, na mkewe Argia anayemwekea sahani mbele yake.

Jikoni mwao na jikoni mwangu tunatazamana. Uchochoro ni mwembamba, nikinyoosha ufagio nagusa dirisha lao. Kwa hiyo nimeishuhudia ndoa ile kila siku saa saba kwa miaka arobaini na moja. Quinto anakula akiwa ameinama, anafuta sahani kwa mkate, anasema, "Kinalika." Kisha anakwenda kujilaza.

"Kinalika ndiyo nini, Argia?" nilimwuliza siku moja tukianua nguo. "Hata mbwa wangu ana shukrani kuliko huyo."

"Ndiyo sifa hiyo, shoga. Kwao ni sifa kubwa. Baba yake hakuwahi kusema hata hilo."

Alicheka aliposema hivyo, lakini ile shuka aliikung'uta kwa nguvu sana.

Basi, mwezi wa tano wakaja kwangu Waholanzi wawili, mume na mke, Joost na Marieke. Warefu, wamevaa kandambili za ngozi na kofia za kujikinga na jua ambalo lilikuwa bado halijaja. Waliniuliza pa kula. Nikasema, kwa Duilio. Wakatazamana. Nilijihisi kama nimewauzia saa ya wizi. Wakanishukuru, wakatelemka moja kwa moja hadi lango la chini, wakasimama mbele ya Quinto.

"Samahani, mzee. Wewe mwenyewe unakula wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Sasa, ni lazima niwatetee hapo. Mkoa wetu umejaa migahawa inayoitwa Kwa Bibi, Kwa Shangazi, Jikoni kwa Mama, na mingi inaendeshwa na mabwana wa Roma ambao shangazi zao hawajui hata kuchemsha yai. Marieke alisikia jina la mgahawa.

"Nyumbani Kwangu! Jina zuri. Na chakula chake?"

"Kinalika."

"Ni wapi?"

Hapo ndipo Quinto alipojiponza. Aliinuka.

"Uchochoro wa Wafinyanzi, nambari kumi na moja, ghorofa ya kwanza. Kengele ni mbovu. Sukumeni mlango kwa bega, sehemu ya chini."

Nilimwuliza baadaye, wewe mtu mzima, ilikuwaje? Akanitazama kwa mshangao. "Waliuliza anwani, Loredana."

Saa saba kasorobo nikawaona wageni wangu wameketi jikoni kwa Argia. Argia aliamini kwamba wamealikwa na mumewe, na mgeni aliyefika saa ya chakula haulizwi ametoka wapi. Akaongeza sahani mbili. Quinto alipoingia akawakuta, akaamini kwamba wamealikwa na mkewe, naye hana tabia ya kumwuliza mkewe maswali. Akakaa, akala. Waholanzi walikula dengu, wakala sungura, wakamaliza mkate wetu usio na chumvi, jambo ambalo sijawahi kuona Mholanzi akilifanya. Walipotaka kulipa, Argia alihamaki, akawafukuza, kipande cha jibini mkononi mwao.

Nusu saa baadaye alikuwa kwangu, aproni bado kiunoni.

"Loredana, yule mama ameniuliza nimeweka nini kwenye sungura. Ameniuliza, shoga! Akaandika kwenye daftari!"

"Si uungwana tu huo."

"Unajua mara ya mwisho kuulizwa jambo kuhusu jiko langu ilikuwa lini? Aliniuliza fundi wa gesi." Akajifuta macho kwa aproni. "Mimi nilidhani napika ovyo. Nimeishi hivyo. Nilidhani ninalika tu."

Siku ya tatu Waholanzi waliandika. Nilisomewa yote: "Nyumbani Kwangu. Hakuna kibao, hakuna orodha ya vyakula, hakuna anayekukaribisha kwa tabasamu la uongo. Ili pahali paonekane pa kweli, wamemketisha mezani mzee aliyenuna, asiyesema na mtu. Anaigiza vizuri ajabu." Nyota tano. Godoro langu lilipata nyota mbili.

Wiki iliyofuata wakaja Wajerumani wanne. Kisha Wadenmaki. Kisha watu wa Milano, ambao kwetu ni wageni kuliko wote, kwa sababu wanadhani wanaelewa. Argia alikuja kuazima viti vyangu sita. Alishona vitambaa vya meza. Akaanza kupika vitu ambavyo sikuwahi kusikia harufu yake ikivuka uchochoro, tambi nene za mkono, njiwa wa kuoka, mikate ya jibini tunayokula Pasaka tu. Wageni wakawa wanatumbukiza pesa kwenye kopo la kahawa, naye anageuza uso asione. Alikuwa na miaka sitini na sita na alikuwa anaimba. Sauti yake mbaya, lakini alikuwa anaimba.

Duilio alilia kwangu mchana kutwa. "Binamu, nimesomea upishi miaka mitatu! Nina cheti ukutani!" Kisha akang'oa kibao cha mgahawa wake, akaficha orodha ya vyakula, akamweka mjomba wake mlangoni anune. Mjomba kwa bahati mbaya ni mtu wa furaha. Alijitahidi siku mbili, siku ya tatu akaanza kuwasimulia wageni vichekesho, Duilio akamrudisha nyumbani.

Quinto naye? Wiki ya kwanza alitembea kifua mbele, watu wakimpa mkono lango la chini. Wiki ya pili alisogezwa ukingoni mwa meza. Wiki ya nne alikula chumbani, kitandani, amefunikwa taulo magotini. Mwezi wa nane nilimkuta kwenye ngazi zao, sahani mapajani, wageni wakimruka kupanda na kushuka na kumpiga picha.

"Argia amepagawa," aliniambia.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie chochote, Quinto! Mwambie unataka kiti chako. Una ulimi, au uliuacha posta?"

Alifuta sahani kwa mkate, akaingia ndani, na kwa mazoea nadhani, nikamsikia akisema lile neno lake. Hakuna aliyemsikia kule ndani kwa kelele.

Ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa tisa. Kengele ya saa saba ikalia, Quinto akaingia jikoni, na pale kando ya jiko, kwenye kiti chake, alikuwa ameketi Mbelgiji mnene mwenye leso shingoni.

"Ngoja kidogo, Quinto," Argia alisema bila kugeuka. "Saa nane nafasi itapatikana."

"Saa nane?"

"Au saa nane na nusu."

Mzee akapasuka. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. "Hii ni nyumba yangu! Hicho ni kiti changu! Sisubiri zamu jikoni kwangu kama niko hospitali! Nimekula hapa miaka arobaini na moja!"

Wageni tisa wakashusha uma zao. Argia akaweka upawa chini, akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Umekula nini?"

"Nini?"

"Ndicho ninachouliza. Umekula nini? Lakini miaka arobaini na moja ni mingi, nitakuwa nakuonea. Jana, Quinto. Jana ulikula nini?"

Nilikuwa dirishani na ufagio wangu, nafagia hewa. Nilimwona Quinto akitazama jiko, kisha sahani za wageni. Mtu huyu ukimtajia marehemu yeyote atakwambia alikaa nambari ngapi, ghorofa ya ngapi, na kama mlango wake uliingiza maji.

"Dengu," akasema.

"Dengu Jumatatu."

"Tambi."

"Tambi na nini?"

Mbelgiji, mtu mwenye moyo mwema, akainua simu yake polepole kando ya meza, kioo kikimwelekea mzee, maana chakula cha jana kilikuwa humo na picha yake.

"Usimwonyeshe!" Argia akafoka, na Mbelgiji akaikalia simu.

Nilitaka kucheka. Badala yake nilimwonea Argia huruma, halafu nikamwonea na Quinto pia, na hiyo huruma ya pili iliniudhi sana.

"Sijui," Quinto akasema. "Sijui, Argia. Jana sijui. Juzi pia sijui." Alitazama viatu vyake. "Nikishakaa pale na wewe uko pale, basi. Sahani siitazami."

Alichukua kofia yake msumarini. "Nakwenda kula kwa Duilio."

"Duilio anatia krimu kwenye tambi," Argia alisema.

Quinto alisita mlangoni. Krimu kwenye tambi, kwa mtu wa umri wake na wa mji huu, si jambo dogo. Lakini akavaa kofia.

Nilimwona Argia akiutazama ule mgongo. Ndio mgongo nilioutazama mimi miaka yote hiyo ukienda kujilaza, yeye nadhani hakuwahi kuuona, kwa sababu saa hiyo alikuwa akiosha sahani. Akafungua aproni.

"Leo nimefunga," akawaambia wageni. "Chukueni sahani zenu. Kaleni kwa Loredana, hapo ng'ambo. Haya, haya, mkate pia chukueni. Quinto, wewe vua kofia."

Wakavuka uchochoro watu tisa, sahani mikononi, mchuzi ukimwagika kwenye ngazi zangu. Niliwakalisha kwenye meza ya kifungua kinywa. Walidhani ndio mtindo wa huku, kula nusu nyumba hii na nusu nyumba ile, na jioni wakaandika kwamba haujapata kuonekana kwingine. Mimi sikuwahudumia hata maji. Nilirudi dirishani.

Quinto alikuwa kwenye kiti chake. Argia alikuwa amempakulia sungura, lakini sahani ameishika kwa mkono wake na anamlisha kwa uma, kipande kimoja kimoja.

"Hii nini?"

"Sungura."

"Na nini?"

"Zeituni."

"Na nini tena?"

Quinto akafumba macho, akatafuna taratibu, kipaji cha uso kimekunjamana. "Kitunguu saumu."

"Na nini tena? Cha kijani."

Alitafuna sana. Alimeza. Alifikiri. "Rozimeri?"

Ilikuwa shamari. Mtoto wa chekechea wa Roccamora anajua kwamba sungura wetu ni wa shamari. Argia aliivuta sahani hadi upande wake wa meza, akamkatia kipande cha mkate mkavu cha kusafishia ulimi, akangoja akimalize.

"Anza upya," akasema.