Nyundo ya Jirani

Romani alipofariki, mkewe Marietha hakutoa chozi. Siku ya mazishi alikaa mkekani na wanawake wenzake, khanga begani, kila anayempa pole akimjibu, "Nimeshapoa." Anna, dada wa marehemu, akamwinamia sikioni.

"Lia basi, wifi. Watu wanatuangalia."

Marietha akajaribu. Hakikutoka kitu.

Arobaini ilipopita akarudi kufundisha chekechea pale Kibamba, na Jumamosi akaendelea na masomo yake ya cheti cha ualimu. Alikula kwa kuwa Anna, aliyehamia kwake tangu msibani, alipika. Watoto wakicheka darasani, naye alicheka, ila kwa mdomo tu.

Kulikuwa na jambo moja. Romani alikuwa mchonga vinyago, na kazi yake aliifanyia uani. Miaka yote ya ndoa yao, nyundo ikigonga, Marietha yuko na shughuli zake. Ikinyamaza tu, ananyanyuka kumpakulia mumewe chakula. Sasa nyuma ya ukuta kulikuwa na seremala, Khalfani. Nyundo ya Khalfani ikinyamaza, Marietha anajikuta kasimama jikoni, sahani mkononi. Haumwi, hasikitiki. Anairudisha sahani kabatini, anakwenda kukaa.

Jumamosi moja somo lilikuwa saikolojia. Mwalimu Leodegar alieleza habari za mbwa aliyezoeshwa kupigiwa kengele kila anapoletewa chakula, hata ikawa akiisikia kengele tu, mate yanamtoka.

"Nani ana mfano wa kwake?" akauliza.

Marietha akanyoosha mkono. Akaeleza habari ya nyundo na sahani, darasa likacheka.

"Kwa hiyo shemeji yetu hana haja ya kuita!" akasema mmoja.

"Amefariki," Marietha akajibu. "Nyundo ni ya jirani."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Leodegar akaweka chaki chini.

"Pole sana, dada. Yule mbwa, kengele ikilia mara nyingi bila chakula, mate hukoma. Hata hilo lako litakoma."

"Haya," akasema Marietha.

Nyumbani akamsimulia Anna. Anna, kwa huruma, akaenda kwa Khalfani bila kuaga, na kesho yake seremala akahamishia meza yake mbele, barabarani. Ua ukawa kimya. Marietha akashinda kitandani, na siku iliyofuata vilevile. Hata chekechea hakwenda. Alipogundua kilichofanyika, alivaa kandambili akazunguka ukuta.

"Kaka Khalfani, irudishe meza yako ilipokuwa."

"Dada Marietha, nimeambiwa nakutesa."

"Hunitesi. Mie siku hizi hakuna kinachoninyanyua. Nyundo yako inaninyanyua."

Khalfani akaanza kukusanya vifaa vyake. Kabla ya adhana ya alasiri meza ilikuwa imesharudi.

Mvua za masika zikaja zikaisha. Alasiri moja Marietha na Anna walikuwa sebuleni wakikata maumbo ya karatasi kwa ajili ya watoto. Nyundo ikaanza kugonga, na hapo ndipo Marietha aliposhtuka: kumbe ilikuwa imenyamaza kitambo, naye hakusogea. Mkasi ukasimama hewani. Akangoja kije chochote, machozi au hata nafuu.

"Vipi, wifi?"

"Limekoma."

"Nini?"

"Lile la sahani."

Anna akamkodolea macho, kisha akajifunika uso kwa khanga, akamlilia kaka yake kwa sauti kama vile msiba umeingia leo. Marietha akamvuta karibu, akamshika bega, akamwacha alie kwa niaba yao wote wawili. Alipotulia, Marietha akauchukua tena mkasi. Kesho yake watoto walikuwa na somo la maumbo, na pembetatu zilikuwa hazijatosha.