Kilo za Norbert

Katika Lubondja nzima hakuna mtu aliyejivunia udogo wa mali yake kama Constance. Wengine huficha umaskini wao. Yeye aliutengeneza kwa makusudi, akauchunga asubuhi na jioni, na mgeni akifika alimpeleka zizini kumwonyesha. Kondoo wake majike walikuwa wafupi, wepesi, na aliweza kumnyanyua mmoja kwapani huku akiendelea na habari nyingine.

"Angalia huyu," angesema. "Kilo makumi mbili. Na mimba iko ndani."

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya huku kwetu, kwa hiyo usimwone mwanamke wa watu kama amechanganyikiwa. Alikuwa na hesabu yake. Wenye bunduki walipita Lubondja kila mara, leo hawa, kesho wale waliowafukuza hawa, majina yakibadilika kila msimu na tumbo likibaki lilelile. Na wote, sijui walisomeshwa na mwalimu mmoja, walikuwa na desturi moja: komanda akiingia kijijini anachukua kondoo mkubwa kuliko wote. Mmoja tu. Waliuita mchango wa vita, na wakishachukua walisema asante, maana watu hawa walikuwa na adabu zao.

Sasa fikiri mwenyewe. Jike mkubwa anakula majani ya wawili. Mwanawe anazaliwa na mifupa mirefu, na mifupa hiyo inataka mwaka mzima kujaa nyama ndipo mchuuzi wa soko la Baraka amtazame. Nani alikuwa na mwaka mzima? Ndani ya mwaka mmoja Lubondja ilikuwa imebadilisha serikali mara tatu. Lakini mwana wa jike mdogo akinyonya vizuri, miezi mitano tu mgongo umefunga nyama, mapaja yamejaa, anauzwa Baraka kabla komanda yeyote hajasikia kwamba amezaliwa.

Aliyempinga ni Isidore, agronomu, yaani bwana shamba. Huyu alibakiwa na cheti, na viatu vya mpira vya mradi uliokimbia vita, na jike mmoja mkubwa ajabu ambaye mradi ulimsahau. Alimwita Madamu. Baada ya ibada alikuwa akisimama mbele ya kanisa na kuwahubiria watu upya, kama vile mchungaji alikuwa anawapasha moto tu.

"Bamama, musikie. Mama mukubwa, mutoto mukubwa, nyama mingi."

"Mutoto wa Madamu wa mwaka jana iko wapi, agronomu?" Constance akamuuliza.

"Balimuchukua."

"Na wa mwaka juzi?"

"Naye pia."

"Basi ile nyama mingi iko mu tumbo ya nani?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Isidore akakunja cheti chake, akahama na Madamu kwenda kumficha kwa dada yake kule Nundu, na kijiji chote kikamfuata Constance. Madume marefu yakauzwa, mafupi yakabaki yapande. Haikupita miaka miwili, ukiangalia malisho ya Lubondja ungedhani kondoo wote wako mbali.

Kitu kimoja tu katika nyumba ya Constance hakikuwa kidogo, nacho ni mume wake Norbert. Jamani, mwanaume alijengwa. Aliingia mlangoni kwa ubavu, alimaliza bugali na mboga ya sombe ya watu wanne, kisha akauliza kwa upole kama watoto wameshakula. Constance aliwabania kondoo majani, lakini mume hakumbania kitu. Alimpenda, na alisema hivyo kisimani bila aibu, mpaka wenzake wakamwambia apunguze.

Kisha ikaja siku ya komanda aliyekuwa anapanda milimani na kundi kubwa la wanaume wenye njaa. Akapita zizi kwa zizi, mikono nyuma. Alipofika kwa Constance, akainama kuwatazama majike.

"Mama, hii iko kondoo ao iko sungura?"

"Iko kondoo, komanda. Ni vita, hazikue."

"Sheria yetu ni kuchukua mukubwa. Hapa mukubwa ni gani?"

Constance alikuwa na jibu lake tangu zamani. "Zote ziko sawa," akasema, na alikuwa na furaha moyoni, maana huo ndio ulikuwa ushindi wenyewe.

Komanda akageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Norbert, ametoka kula, anafuta kidevu.

"Mukubwa ni huyu," komanda akasema.

Wakampeleka kwa mfanyabiashara wa karanga, wakamning'iniza kwenye mizani yake kama gunia. Kilo makumi nane na moja. Askari wakapiga makofi. Komanda akaeleza, kwa ile adabu yao, kwamba Norbert atabeba chumvi na masanduku ya risasi hadi Bibokoboko, kule juu milimani, na atarudishwa siku wakishuka, kama mkewe atakuwa na kondoo wa kilo hizohizo.

"Baba, kondoo ya kilo makumi nane haiko duniani," Constance akasema. Biashara ni biashara. "Na mutu iko na mifupa mingi. Fanya nusu."

Komanda akafikiri. "Kondoo iko na mafuta. Nusu, sawa. Kilo makumi ine."

"Nitakupa majike mbili sasa hivi, nne kama unataka."

"Moja. Kundi italia mu pori, adui batusikie. Nataka kitu kimoja, kikubwa, ya kufunga kamba."

Wakaondoka naye. Jioni ile bamama walikuja kumpa pole Constance, na pole zao zilikuwa na miiba. Zamani kondoo mkubwa alichukuliwa, watu wakabaki. Yeye kwa akili zake amemwondoa kondoo katikati, bunduki ikatazamana na mume. Walipoondoka Constance akafunga mlango. Alilia usiku kucha, akimlilia Norbert na kuilaani hesabu yake, ambayo hata sasa hakuona kosa lake liko wapi.

Kondoo wa kilo arobaini alikuwa mmoja tu katika nchi ile, na alikuwa Nundu. Constance akaenda kwa miguu. Isidore alimpokea vizuri, akamketisha, akampa samaki wa ndagala na bugali, kisha akataja bei: majike yote.

"Yote, agronomu? Na mimba zao?"

"Mama Constance, si unajua kondoo mukubwa hapatikanake tena?"

Alijua. Ni yeye aliyewamaliza. Akatoa majike yote, akarudi Lubondja na Madamu kwa njia za vichakani, na ndipo mateso yalipoanza sawasawa. Kwanza, yule mnyama alikula. Shamba la viazi vitamu lilikwisha majani, na kila asubuhi Constance alimpima kwa macho, akiogopa asishuke chini ya kilo za makubaliano. Pili, sasa yeye ndiye aliyekuwa na kondoo mkubwa kuliko wote Lubondja, na wenye bunduki wengine hawakuacha kupita. Kila waliposikika, alimwingiza Madamu chumbani, akamlaza kitandani upande wa Norbert, akamfunika blanketi na kumshika mdomo. "Bwana yangu iko na kolera," aliwaambia wakichungulia. Waliona kilima kinapumua chini ya blanketi, wakaondoka kwa kuogopa ugonjwa.

Wakati huo habari zilifika kutoka Nundu kwamba Isidore anafundisha semina. Somo lilikuwa faida ya jike mdogo, miezi mitano na mgongo kufunga, na lilikuwa likiitwa Njia ya Isidore.

Komanda yule aliyemchukua Norbert alishuka mvua zilipokwisha. Watu walikuwa wamepungua sana katika kundi lake, na Constance aliwatazama mmoja mmoja asimwone mume wake, mpaka mtu wa mwisho, mrefu, shingo nyembamba, akamwita kwa jina. Sauti ndiyo aliyoitambua.

Madamu akatolewa. Askari wakamfunga kamba, wakasema asante.

"Ngoja kwanza," Constance akasema. Hasira ilimpanda, akasahau kwamba anasema na mtu mwenye bunduki. "Mulichukua hapa kilo makumi nane na moja. Munanirudishia nini? Hii haifike makumi tano."

Komanda hakukasirika. Alimtazama kama mfugaji anavyomtazama mfugaji mwenzake.

"Mama, we unauzaka kondoo Baraka. Ikitembea njia murefu, haipunguke?"

Inapungua. Kila mtu Lubondja anajua inapungua, na mwuzaji ndiye anayebeba hasara. Constance akamgeukia mumewe. Norbert alitaka kwenda nyumbani lakini miguu haikumtii, basi mkewe akainama, akampitisha mkono chini ya mapaja na mwingine mgongoni, akamnyanyua. Alitarajia mzigo mzito. Alipoona haumlemei ndipo akalia, akambeba hivyohivyo mbele ya watu wote hadi mlangoni, na akapita naye bila kugeuka ubavu.