Lori Halikusimama

Nilipokuwa karani wa ofisi ya kata, upande wa Bariadi, siku hizo bado tukiwa mkoa wa Shinyanga, kazi niliyoifanya kwa moyo kuliko zote ilikuwa ya bendera. Niliipandisha saa kumi na mbili asubuhi, nikaishusha saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kushika kamba nilipuliza filimbi, na kila aliyekuwa barabarani alisimama wima mpaka nimalize. Mwenye baiskeli alishuka. Mchungaji alisimama, ingawa ng'ombe wake waliendelea na safari. Niliupenda ule ukimya. Nilikuwa kijana, na niliamini nchi nzima imesimama pamoja nasi.

Mwaka ule wafanyabiashara waliruhusiwa kununua pamba, si chama cha ushirika peke yake tena. Malori yao yakaanza kupita kijijini kutwa, mengine jioni kabisa, na hayakusimama. Nilipuliza filimbi, lori likapita na vumbi lake, mimi nikabaki nimeshika kamba huku nakohoa. Nilimweleza mtendaji wa kata, mkuu wangu. Akasema wale wametuletea soko, tusiwasumbue.

Jioni moja shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa anatoka lamboni na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa mtu mzima, na goti lilikuwa linamsumbua tangu msimu wa palizi. Nilipuliza filimbi. Lori likampita bila kupunguza mwendo. Yeye naye hakusimama. Mgambo wa zamu alimwita mara mbili, kisha akamfuata mbio na kumshika mkono. Ndoo ikaanguka, maji yote yakamwagika.

Shangazi aliitazama ndoo, halafu akasema kwa Kisukuma, bila kupaza sauti, maneno ambayo nayatafsiri hivi:

"Lile lori mmeliacha. Mimi niliyebeba mzigo kichwani ndiye mnayetaka nionyeshe kwamba naipenda nchi?"

Watu waliokuwa wamesimama walicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza.

Alipelekwa ofisini. Mtendaji hakujua Kisukuma, akaniuliza mama huyu amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akatikisa kichwa, akaniambia niandike kwamba ametamka maneno ya kuidharau bendera ya taifa. Nikamwambia bendera hakuitaja, alilotaja ni lori. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama na mimi hivi vyama vipya vya siasa vimeshaniingia kichwani.

Nikaandika.

Shangazi hakujua kusoma. Nilipomsogezea karatasi na kidau cha wino aliniuliza imeandikwa nini. Nikasema ni maelezo ya kilichotokea. Akaweka dole gumba, kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Akapewa adhabu ya kufyeka majani kuzunguka ofisi siku tatu. Alifyeka, na lile goti lake. Mimi nilikaa ndani, dirisha wazi, nikisikia fyekeo likienda na kusimama, likienda na kusimama. Nikaligonga faili mezani kwa hasira mpaka mtendaji akaniuliza nina nini. Nikasema ni nzi.

Wiki chache baadaye akaja ofisa kutoka wilayani kutufafanulia mfumo wa vyama vingi. Alisema sasa kila mwananchi ana uhuru wa kutoa maoni yake. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama mwananchi anaweza kuuliza kwa nini mwenye ndoo asimamishwe kwa ajili ya bendera na mwenye lori aachwe. Ofisa akamtazama mtendaji. Mtendaji akajibu kwamba hilo ni suala la ofisi, litazungumzwa ofisini. Halikuzungumzwa. Kila nilipolitaja aliniambia lipo kwenye mchakato.

Mwishowe nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta anapepeta choroko uani, nikamwamkia, "Mwadila, shangazi." Nikamweleza ile karatasi ilisema nini hasa. Aliendelea kupepeta kwa muda, kisha akauweka ungo chini.

"Ungeniambia siku ile nisingeweka kidole," alisema. "Wangenifunga, sawa. Lakini ningefungwa kwa maneno yangu, mwanangu, si kwa yako."

Hakunifukuza, alinipa maji ya kunywa, na alivyonitendea kama mgeni ndivyo nilivyozidi kujichukia.

Tangu hapo yeye na wanawake wenzake wakaacha kupita barabara kuu. Walizunguka kwa njia ya ng'ombe, nyuma ya mashamba ya pamba, mwendo mrefu karibu mara mbili na ndoo kichwani. Wenye baiskeli na wachungaji nao wakawafuata, na saa kumi na mbili jioni nikawa napuliza filimbi na hakuna wa kusimama. Walipokuja wageni wengine kutoka wilayani, jioni isiyo na lori, mtendaji aliwaonyesha ile barabara tulivu, akaniweka mkono begani, akawaambia kata yetu ina nidhamu kwa sababu ya kijana huyu.

Nikasema asante.